Wastani wa Boamah

Barua ilifika Jumatatu asubuhi ikiwa na muhuri wa makao makuu ya Accra. Frimpomaa, karani wetu, aliisoma mara mbili kabla hajaniletea. Alinikuta nimelala chini ya mashine natafuta nati iliyodondoka.

"Mjomba Twumasi, toka huko ukae kwanza."

Nikamwambia aniache nisome huku huku chini, maana nikianguka sitaumia. Hakucheka, nikajua kuna jambo.

Barua ilisema hivi. Fundi Akwasi Boamah wa tawi la Kumasi amepata wastani wa moja nukta sita, kati ya tano, katika karatasi sitini na moja za maoni ya wateja. Hii ni nusu mwaka ya pili mfululizo yuko chini ya mbili na nusu. Kwa utaratibu wa kampuni, Ijumaa saa kumi jioni atarudisha vifaa na ajira yake itakoma. Kisha, chini kabisa, ikasema fundi mkuu Kwaku Twumasi, ambaye ni mimi, amepata nne nukta mbili, na kampuni inampongeza.

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia. Kama barua ingesema Boamah kaiba injini ningeweza kubishana nayo. Lakini kusema wateja hawamtaki Boamah ni sawa na kusema watu wa Kumasi hawataki kula fufu.

Kampuni yetu inauza mashine za kusaga na kuzitengeneza zikiharibika. Wateja ni wenye mashine za mtaani, wengi wao kina mama. Wanasaga mahindi yaliyolowekwa ya kutengenezea vitonge vya kenkey, wanasaga mihogo, wanasaga pilipili. Mashine ikisimama saa tatu asubuhi, foleni ya mabeseni inafika barabarani, mahindi yanachacha, na mwenye mashine anapiga simu analia. Tawi zima lina mafundi wawili wa kwenda kwa wateja, mimi na Boamah. Boamah ana miaka thelathini na minne, mpole, hasemi sana. Mteja akimpigia simu anamwambia aiweke simu karibu na mashine, anasikiliza kidogo, kisha anasema ni beringi ya upande wa mkanda. Akifika, ni beringi ya upande wa mkanda. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja na siwezi kufanya hivyo.

Nilimwonyesha barua mwenyewe. Sikutaka aisikie kwa Frimpomaa, ambaye akishika habari inafika mtaa wetu wote wa Suame kabla ya chakula cha mchana. Boamah aliisoma akasimama pale anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta vidole vilivyokwisha kuwa safi.

"Sitini na mmoja," akasema. "Watu sitini na mmoja wamesema mimi sifai."

"Huo ni upuuzi wa Accra," nikamwambia.

"Accra hawakuandika, Mjomba. Wameandika wateja."

Akaenda kufanya kazi yake. Alifanya kazi siku nzima bila kulalamika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba aliamini.

Nikapiga simu Accra. Aliyekuwa anahesabu karatasi hizo ni kijana mmoja wa huko huko, Nii Lantey, msomi, ana digrii ya hesabu. Nikamwambia mahesabu yake yana kasoro. Akaniambia kwa adabu kwamba mahesabu hayana kasoro, yanafanywa na kompyuta, na kwamba wastani ni wastani. Unajumlisha alama, unagawa kwa idadi ya karatasi. Nikamwambia hata mimi niliyeacha shule darasa la sita najua kugawa, ninachotaka ni kuona kilichogawiwa. Akasema karatasi zipo stoo na hakuna haja ya kuziangalia kwa sababu namba zote ziko kwenye jedwali. Nikamuuliza jedwali linaonyesha nini. Akasema linaonyesha wastani.

Tuliendelea hivyo robo saa. Mwishowe nikamwambia, "Sikiliza, bosi mdogo. Wewe ndiye umemfukuza fundi wangu. Panda basi uje umwambie usoni. Na uje na karatasi. Kama huna karatasi usije."

Sidhani kama aliwahi kuzungumziwa hivyo. Lakini alikuja. Jumanne saa sita mchana alishuka akiwa na kompyuta begani na katoni mbili zimefungwa kwa kamba, shati limemganda mgongoni. Nilimpa maji akanywa, kisha akafungua kompyuta na kuanza kunieleza wastani upya, kama mtu anayedhani tatizo lilikuwa simu. Aliniwekea mchoro wa nguzo. Nguzo ya Boamah fupi, nyekundu. Yangu ndefu, ya kijani.

"Unaona, Mjomba? Ni wazi."

"Wangapi walimpa tatu?" nikauliza.

"Wastani ni moja nukta sita."

"Sijauliza wastani. Nimeuliza watu wangapi waliandika tatu."

Akasema hiyo haimo kwenye ripoti. Nikamwambia basi afunge hiyo kompyuta kabla sijaitumia kuzuia mlango. Nikachukua kisu, nikakata kamba za katoni.

Ni lazima nieleze kwamba karatasi hizi sisi wa tawini hatukuwahi kuziona zikiwa zimejazwa. Ukimaliza kazi unampa mteja karatasi na bahasha, anajaza mwenyewe, anafunga, Frimpomaa anazikusanya na kila Ijumaa anazipandisha kwenye basi. Ndiyo maana ya siri, ili fundi asimtishe mteja. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Karatasi ilikuwa nusu ukurasa. Juu jina la fundi na namba ya kazi. Katikati imeandikwa: Mpe fundi alama. Chini yake 1, 2, 3, 4, 5, uzungushie moja. Basi.

Nilifagia sehemu ya sakafu, nikaanza kupanga karatasi za Boamah kwa mafungu, moja na moja, mbili na mbili. Nii Lantey alisimama tu mwanzoni, kisha akachuchumaa akanisaidia, maana si mtu mbaya. Tulipomaliza, fungu la moja lilikuwa na karatasi hamsini. Fungu la mbili, mbili. La tatu halikuwepo. La nne, moja. La tano, nane.

Tukapanga zangu, arobaini. Moja zilikuwa saba, mbili ilikuwa moja, tatu hakuna, nne zilikuwa mbili, tano thelathini.

"Angalia hapo katikati," nikamwambia. "Watu mia na mmoja, hakuna hata mmoja aliyesema fundi ni wa hivi hivi. Ama anapendwa ama anachukiwa. Hujaona ajabu hapo?"

Akasema ni ajabu kidogo. Lakini wastani unabaki ule ule.

Nilitamani kumpiga na spana. Badala yake nikaanza kulinganisha namba za kazi za lile fungu la hamsini na daftari letu, na ya nne kuishika ilikuwa ya Mama Konadu wa Tafo. Nikaketi. Mama Konadu humpelekea Boamah kenkey na samaki kila anapokwenda kwake. Alipofiwa na mumewe, Boamah alikwenda mazishini amevaa nguo nyeusi, akasimama na familia. Na huyu Mama Konadu amezungushia moja kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Nikamwambia Nii Lantey akale, kuna mama anauza wali na maharage pale nje. Mimi nikachukua pikipiki nikaenda Tafo.

Nilimkuta anasaga. Nikangoja amalize beseni la mteja, nikamwonyesha karatasi, nikamuuliza Boamah amemkosea nini. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Nani amesema amenikosea?"

"Si umempa moja."

"Ndiyo. Ulitaka nimpe ngapi?"

Nikamwambia kwamba kampuni inamfukuza Ijumaa kwa sababu amepata moja. Mama Konadu alizima mashine. Katika miaka yote sijawahi kumwona akizima mashine kukiwa na foleni.

"Wewe Twumasi, una akili timamu? Binti yangu alipofanya mtihani wa taifa wa kidato cha tatu alileta karatasi ya matokeo yenye moja, moja, moja, masomo sita. Mtaa mzima ulikuja kula hapa. Wa jirani alipata nane na tisa, mpaka leo mama yake hajaionyesha mtu ile karatasi. Nimeambiwa nimpe fundi alama. Nimempa ya juu. Sasa mnamfukuza kwa sababu nimemsifu?"

Kina mama wa foleni walikuwa wanasikiliza. Mmoja akasema hata yeye angeandika moja. Mwingine akasema, ah, mwanawe ana simu ya kuitia teksi, ukishuka unampa dereva nyota tano, kwa hiyo tano ndiyo nzuri. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mabeseni kichwani.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo najisikia mjinga. Ile karatasi ya matokeo sikuwahi kuipata. Niliacha shule kabla ya mtihani wowote wa maana, na sina mtoto aliyeufanya. Kila mtu mwingine katika nchi hii anajua kwamba moja ni ya kwanza na tisa ni ya mkia. Najua pia, lakini najua kama mtu anavyojua barabara ya mji asiokaa.

Halafu jambo la pili likanijia, na hilo sikulipenda.

"Mama Konadu," nikasema, "mwaka huu mimi nimekuja kwako mara moja. Ulinipa ngapi?"

"Tano."

Hakusita hata kidogo.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Ulisimama hapo ulipo, wateja wangu wote wanasikia, ukasema mashine haina ubovu, mwenye mashine ndiye mbovu. Ukasema nikipunguza maneno nikaongeza grisi itadumu miaka kumi." Akawasha mashine. "Na grisi nilikuwa nimeweka."

Sitasema uongo. Kutoka Tafo hadi Suame si mbali, lakini niliendesha polepole. Tano zangu zilikuwa thelathini. Barua yenye pongezi nilikuwa nimeikunja nikaiweka mfuko wa shati, na sikumwambia mtu kwamba Jumatatu jioni niliisoma tena. Sasa nilikuwa nawaona mmoja mmoja wale waliozungushia hiyo tano. Yule mzee wa Bantama niliyemwambia amefunga mkanda kama kipofu. Yule dada wa Asafo aliyelia. Nilidhani analia kwa sababu ya injini. Na nilifikiri, nikiri hivyo, kwamba ningeweza kumwambia yule kijana ageuze za Boamah peke yake. Kwamba wateja wa Boamah ni kina mama wa zamani, wa mambo ya shule, na wangu ni wa kisasa. Angekubali. Alishakubali upuuzi mkubwa kuliko huo.

Nilipofika alikuwa amemaliza kula, anafuta kompyuta vumbi. Boamah alikuwa benchi la nyuma anapanga spana zake kwa ukubwa kwenye sanduku, zile za kurudisha.

Nikamuuliza Nii Lantey, "Wewe mtihani wa kidato cha tatu ulipata ngapi?"

"Mimi? Moja ziko nane. Na mbili ziko mbili."

"Ulipofika nyumbani ulimwambia mama yako umefeli?"

Alianza kucheka, kisha kicheko kikaishia njiani. Akaziangalia karatasi sakafuni. Nilimwacha aziangalie. Msomi ukimpa jibu analibishia, mwache alikute mwenyewe.

"Hapana," akasema taratibu. "Hapana, hapana. Fomu ya mwanzo ilikuwa na maneno. Tano vizuri sana, moja vibaya sana. Mimi ndiye niliyeyatoa."

"Kwa nini?"

"Ili itoshe nusu ukurasa."

Nilikaa juu ya katoni. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema na niliyasema, siyo yote mazuri. Alinivumilia. Kisha akafanya kitu ambacho ningepaswa kukitarajia. Alivuta kompyuta, akabonyeza mahali fulani, akasema, "Basi tunageuza. Moja inakuwa tano, tano inakuwa moja." Nguzo zikabadilika. Boamah nne nukta nne, ya kijani. Yangu moja nukta nane, nyekundu.

Akanitazama. "Mjomba, nusu mwaka iliyopita ulikuwa na nne nukta tatu. Nikigeuza na hiyo..."

"Najua kuhesabu."

"Wewe ndiye utakayeondoka Ijumaa."

Boamah alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Alisema tuache kama ilivyokuwa. Alisema yeye bado kijana, atapata kazi, mimi nina miaka hamsini na mitatu. Alisema kwa sauti ile ile anayosemea beringi. Nikamwambia anyamaze, hakuna aliyemuuliza.

Kisha nikamgeukia msomi. "Umegeuza na zile nane za Boamah? Zile karatasi nane za tano?"

"Nimegeuza zote."

"Kuna watu wanaotumia nyota za simu. Hao tano yao ni tano. Jana ulimtukana mteja aliyesema moja, leo unamtukana aliyesema tano. Huwezi kubonyeza tu. Kila karatasi ina namba ya kazi. Kila namba ina mteja. Tunawauliza."

"Wote mia na mmoja?"

"Una kazi gani nyingine?"

Akasema, na alisema kwa heshima, kwamba lazima aulize: je, nataka hivyo kwa ajili ya ukweli au kwa sababu sasa nyekundu iko kwangu? Nikamwambia ni kwa yote mawili, na kama hapendi aandike hivyo kwenye ripoti yake.

Tukaanza Jumatano saa moja asubuhi. Frimpomaa alishika simu ya ofisi, Nii Lantey akashika yake, mimi na pikipiki nikafuata wasiopatikana kwa simu. Swali lilikuwa moja: ulipoandika namba hii ulikuwa unamsifu fundi au unamlaumu? Ungedhani ni swali rahisi. Mchungaji mmoja alimhubiria Frimpomaa dakika ishirini juu ya kuhukumu watu. Mwenye mashine wa Ahinsan alisema hakujaza yeye, alijaza msichana wa kazi, na msichana ameshaolewa, yuko Techiman. Tukamtafuta huko Techiman, akasema alizungushia moja kwa sababu Boamah alimrekebishia na redio bila kuombwa. Mwingine alisema aliandika tano kwa sababu mashine ilisimama mara tano. Hiyo tuliitoa, tukabaki na zangu thelathini na tisa.

Wengi wa wateja wa Boamah walikasirika. Siyo kwa sisi kuuliza, bali kwa kusikia kwamba mtu alielewa vingine. Mama mmoja wa Kwadaso alitaka kuzungumza na Boamah mwenyewe kuhakikisha hakudhani hivyo. Boamah alichukua simu, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Zangu niliziuliza mwenyewe nyingi, maana wasio na simu wengi walikuwa wangu. Unasimama mbele ya mtu unamuuliza, ulinisifu au ulinilaumu? Wengine walitazama pembeni. Yule mzee wa Bantama hakutazama pembeni. Alisema, "Nilikulaumu, na kama kungekuwa na sita ningekupa." Nikaandika. Yule wa Asafo alisema yeye alinisifu, tano zake ni za nyota, kwa sababu nilimwambia ukweli kwamba injini yake imekufa wakati wengine walikuwa wanamlia hela za vipuri. Alisema alilia kwa uchungu wa injini. Nikaandika na hiyo.

Ijumaa saa nane mchana tulikuwa na zote. Nii Lantey hakugusa nguzo zake. Alichora mafungu, kama tulivyoyapanga sakafuni. Boamah: wanaomsifu sana hamsini na sita, wanaomsifu watatu, wanaomlaumu sana wawili. Mimi: wanaonisifu sana kumi na watano, anayenisifu mmoja, wanaonilaumu wawili, wanaonilaumu sana ishirini na mmoja. Katikati patupu. Alituma Accra, akampigia meneja mkuu, akamweleza kosa la fomu ni lake. Hilo nilimpa heshima yake, kwa sababu nilimsikia akilisema bila kuzunguka.

Saa tisa na nusu jibu likaja kwenye kompyuta. Frimpomaa alilisoma kwa sauti. Akwasi Boamah, wastani wa nne nukta nane, barua yake imefutwa, samahani kwa usumbufu. Kwaku Twumasi, wastani wa mbili nukta saba. Juu ya mbili na nusu. Kiwango cha kuridhisha, aendelee na kazi.

"Kuridhisha," nikasema.

"Umepona, Mjomba," akasema Frimpomaa.

"Nani ameridhika? Nionyeshe mtu mmoja aliyenipa mbili nukta saba. Nimezunguka Kumasi yote siku tatu, sijamkuta huyo mtu. Kuna watu kumi na sita wanaotaka nirudi na ishirini na watatu wasiotaka kuniona. Na meneja anasoma mafungu mawili aliyochorewa, anayachanganya tena kwenye sufuria moja, ananiletea uji."

Nii Lantey alikuwa anafunga katoni zake. Akasema atapeleka fomu mpya yenye maneno, na kwamba kuhusu wastani atajaribu kuongea nao. Nikamwambia ajaribu kwa nguvu. Akaniaga kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaenda kuwahi basi.

Boamah alikuwa bado benchi la nyuma. Sanduku lake la spana lilikuwa limefungwa, na hakulifungua. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Nilifikiri atafurahi. Nilifikiri labda atanishukuru, na nilikuwa nimeshatayarisha la kumjibu ili asiendelee.

"Siku nne," akasema, "nimekuwa mtu ambaye wateja wake hawamtaki. Niliwaza kila mlango niliowahi kugonga."

"Nilikwambia ni upuuzi."

"Ulisema. Lakini wewe kila kitu kwako ni upuuzi, Mjomba, kwa hiyo mtu hawezi kujua." Aliweka mkono juu ya sanduku. "Nitabaki. Ila nina sharti. Wale ishirini na watatu wawe wangu. Majina yao unayo. Usiende kwao tena mpaka nikwambie."

"Hao ni kazi nyingi kwa mtu mmoja."

"Wewe utachukua za karakana. Wateja wakija hapa, azungumze Frimpomaa."

Mimi ni fundi mkuu. Nilimfundisha mtu huyu kushika spana. Nilikuwa na mambo matatu ya kumjibu na yote yalikuwa ya kweli. Nikamwambia sawa.

Akafungua sanduku. Palikuwa na mashine mbili za kupelekwa kwa wateja Jumatatu, na nilipopita karibu nikaona beringi za ile ya kwanza hazijapakwa grisi. Nikamwambia beringi hizo zingetia aibu hata mtoto wa kujifunza. Boamah aligeuka akanitazama. Frimpomaa naye aliinua kichwa kutoka mezani kwake.

Nikachukua kopo la grisi, nikazipaka mwenyewe.